Maji ya chini yanapanda, mpunga unakauka: chumvi ya shambani inatoka wapi, na iende wapi?

Juma lililopita msikilizaji wetu mmoja wa huku tambarare, chini ya Moshi, alitutumia picha kwa WhatsApp. Ni jaruba la mpunga, robo ekari hivi. Pembeni miche imesimama, kijani kabisa. Ukisogea ndani ncha za majani zimekauka kama zimepitiwa na moto. Katikati hakuna kitu, ni udongo mtupu wenye unga mweupe juu yake. Chini ya picha ameandika: "Maji ninayo, mbolea nimeweka, dawa nimepiga. Huu ni ugonjwa gani?"

Hakuna dawa ya kupiga hapo. Ule unga mweupe ni chumvi, ambayo wengi wetu huku tunaiita magadi. Nimeamua kulieleza jambo hili kwa maandishi kwa sababu muda wa kipindi hautoshi, na pia kwa sababu nina deni kwenu. Miaka michache iliyopita niliulizwa swali kama hili hili, nikajibu hewani: mwagilieni maji mengi, yaoshe chumvi. Kipindi kilipokwisha mzee mmoja akapiga simu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umetuambia tuioshe. Ikishaoshwa, iende wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kuuliza wataalamu, na leo ninalo.

Chumvi inakuja na maji mazuri

Maji ya mto au ya chemchemi unayokunywa bila kusikia ladha yoyote yana chumvi ndani yake. Mvua inayonyesha kwenye mteremko wa Kilimanjaro huzama, hupita kwenye miamba ya volkano, huyeyusha madini kidogo kidogo, kisha hutokea huku chini ikiwa chemchemi au mto. Madini hayo ndiyo chumvi tunayoizungumzia. Siyo chumvi ya mezani peke yake, ni mchanganyiko wa aina nyingi.

Maabara huipima kwa kuangalia jinsi maji yanavyopitisha umeme. Chumvi ikiwa nyingi, umeme unapita zaidi. Kwenye karatasi ya majibu utaona herufi EC, na mbele yake namba yenye kipimo cha dS/m. Mwongozo wa FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, unasema maji ya kumwagilia yaliyo chini ya 0.7 hayana shida, kuanzia 0.7 hadi 3 yanahitaji uangalifu, na yakizidi 3 ni hatari kwa mazao mengi.

Sasa tuchukue maji ya 0.5, maji ambayo maabara itayaita mazuri. Kila lita moja ina takribani miligramu 320 za chumvi. Pipa la lita 1,000 lina gramu 320. Mpunga wa msimu mmoja unaweza kutumia maji ya kina cha mita moja ukiyajumlisha yote tangu kuvuruga hadi kukausha, na kwa ekari moja hiyo ni kama lita milioni 4. Piga hesabu. Utapata karibu kilo 1,300 za chumvi, magunia 13 ya kilo mia mia, yaliyoingia kwenye ekari moja kwa msimu mmoja, na maji yenyewe ni mazuri.

Mmea unakunywa maji, chumvi nyingi unaiacha kwenye udongo. Jua nalo linavuta maji na kuiacha chumvi, kama sufuria ya maji iliyosahaulika jikoni ikakauka ikabaki na ukoko mweupe. Kule juu, Marangu au Kibosho, mvua ni nyingi na inaiosha chumvi kila mwaka, ndiyo maana hutaona magadi kwenye kihamba. Huku tambarare mvua ni ndogo na jua ni kali. Chumvi ikishafika, mvua peke yake haina nguvu ya kuiondoa.

Kwa hiyo kila anayemwagilia anaingiza chumvi, awe anatumia mfongo wa mababu, mfereji wa saruji au pampu. Swali ni kama inapata njia ya kutoka.

Utambi wa kibatari

Ukichimba shimo shambani utafika mahali maji yanaanza kujikusanya yenyewe. Huo ndio usawa wa maji ya chini. Mahali pengine ni mita 10 kwenda chini, mahali pengine ni mita 1. Usawa huu hausimami. Unapanda wakati wa masika, unashuka kiangazi, na hilo ni la kawaida. La kuangalia ni mwelekeo wake mwaka baada ya mwaka: je, kila kiangazi unashuka hadi pale pale, au kila mwaka unabaki juu kidogo kuliko mwaka uliopita?

Kwenye maeneo yaliyoanza kumwagiliwa, mara nyingi unapanda. Maji yanavuja kwenye mifereji ya udongo usiku na mchana, yanazama kwenye majaruba, yanamwagika mwisho wa mfereji kwa kuwa hakuna aliyefunga lango. Wengi hawajui jinsi kiasi kidogo kinavyotosha. Kwenye udongo wa mfinyanzi nafasi ya maji ni ndogo, kwa hiyo maji ya kina cha sentimita 5 hadi 10 yakizama kupita mizizi yanaweza kupandisha usawa wa chini kwa mita moja. Sentimita 10 ni kiganja cha mkono. Ni usiku mmoja wa uzembe.

Chukua kibatari. Mafuta yako chini kabisa ya kopo, lakini moto unawaka juu, kwa sababu utambi unayapandisha. Udongo nao ni utambi. Usawa wa maji ya chini ukiwa mbali, utambi haufiki juu. Ukikaribia, kama mita 2 au mita 1.5 kutoka uso wa ardhi, maji yanaanza kupandishwa hadi juu, jua linayachukua, chumvi inabaki. Udongo wa tifutifu unapandisha zaidi kuliko mchanga mkavu. Kuanzia hapo shamba linajitia chumvi lenyewe, hata siku ambazo hujafungua maji.

Hapa nataka tuelewane vizuri, maana ndipo nilipowaona wakulima wengi wakijidhuru. Jaruba likianza kuonyesha magadi, mtu anasema: nitalipumzisha msimu mmoja au miwili lirudishe nguvu. Kupumzisha shamba ni hekima ya wazee wetu na kwenye shamba la mvua ina maana yake. Kwenye jaruba lenye maji ya chini yaliyo karibu, ni kinyume. Umeondoa maji yaliyokuwa yanaisukuma chumvi chini, umeondoa kivuli cha mazao, umeliachia jua udongo ulio wazi. Utambi unafanya kazi miezi yote hiyo bila kuzuiwa. Ukirudi, kile kipara cha katikati kimekuwa kikubwa mara mbili, na unadhani ardhi imelaaniwa.

Jambo hili halitaki mfereji ili litokee. Huko Australia Magharibi wakulima wa ngano walikata miti ya asili kwenye maeneo makubwa. Miti ile ilikuwa na mizizi mirefu, ikinywa maji ya mvua karibu yote. Ngano mizizi yake ni mifupi na inakaa shambani miezi michache tu. Maji yaliyobaki yakazama, usawa wa chini ukapanda, ukaibeba chumvi iliyokuwa imelala chini miaka mingi. Walioanza kuona ni watu wa reli, kwa sababu maji ya mabwawa waliyotia kwenye vichwa vya treni vya mvuke yaligeuka kuwa ya chumvi baada ya miti ya jirani kukatwa. Mhandisi mmoja wa reli, W. E. Wood, aliandika maelezo yake mwaka 1924, na hadi leo wanapambana nalo. Ninalitaja kwa ajili ya wenzangu wanaokata miti iliyobaki kando ya mifereji kwa kusema inamaliza maji. Ndiyo, inakunywa. Mahali penye maji ya chini yaliyo juu, hiyo ni kazi inayokufaa.

Na maji ya chini yakishuka? Usifurahi haraka. Kwa wasikilizaji wetu wa pwani, Tanga na Pangani, kushuka ndiko kwenye hatari. Maji matamu ya visima vya pwani yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyo ndani ya ardhi. Kwa kanuni ya wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 za maji matamu chini yake. Pampu zikiwa nyingi na ule usawa wa juu ukashuka kwa mita moja tu, bahari inapata nafasi ya kupanda sana kutoka chini. Kisima kikishaanza kuwa na ladha, kuongeza kina ni kuifuata bahari. Punguza muda wa kuvuta, acha kisima kipumzike, na kabla ya kuchimba kingine nenda kwenye bodi ya maji ya bonde lako, ambako kwa vyovyote ndiko vibali vya kutumia maji vinakotoka.

Kipimo cha bomba na kamba

Huhitaji kumsubiri mtu aje kukupimia usawa wa maji. Tafuta bomba la plastiki la mita 3, lile jembamba la maji. Toboa matundu madogo kwenye mita moja na nusu ya chini kwa msumari wa moto, funga kitambaa kwenye matundu ili udongo usiingie, ziba mwisho wa chini. Chimba shimo jembamba, shusha bomba, jaza mchanga kuzunguka sehemu yenye matundu, kisha shindilia udongo juu. Acha bomba litokeze kidogo na ulifunike watoto wasitie mawe.

Kupima, funga nati nzito kwenye kamba, shusha polepole. Utasikia ikigusa maji. Shika kamba kwenye mdomo wa bomba, itoe, pima urefu, toa kipande cha bomba kilicho juu ya ardhi. Andika tarehe na namba. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, siku ile ile kabla ya zamu yako ya maji. Namba ya mwezi mmoja haikwambii kitu. Baada ya miaka miwili utakuwa na kitu ambacho skimu nyingi hazina.

Kipimo cha pili ni cha bilauri. Chukua donge la udongo mkavu, dogo kama punje ya mahindi, liweke taratibu kwenye bilauri ya maji ya mvua. Usikoroge. Angalia baada ya saa chache, kisha kesho yake. Donge likimomonyoka tu na maji yakabaki safi, vizuri. Likitoa wingu kama maziwa linalolizunguka, udongo wako huenda una sodiamu nyingi, na hiyo ni aina nyingine ya tatizo.

Kuna shamba lenye chumvi nyingi za kawaida, lile la unga mweupe, ambalo udongo wake bado unapitisha maji. Na kuna shamba la sodiamu, ambalo udongo unaganda, maji yanatuama juu siku nzima huku chini pakavu, ukikauka unakuwa kama saruji, na juu mara nyingine kuna rangi nyeusi ya mboji iliyoyeyuka. Mengine yana yote mawili. Tofauti hii ni ya pesa, maana la kwanza linaoshwa kwa maji na la pili ukiliosha kwa maji peke yake linaharibika zaidi. Kabla ya kutumia fedha yoyote peleka udongo maabara. TARI Mlingano, Muheza, ndicho kituo cha taifa cha udongo, na afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza namna ya kuchukua sampuli. Chukua kwenye kipara na pale mazao yalipo mazuri, mifuko miwili tofauti, uandike kila mmoja.

Iende wapi?

Sasa swali la mzee. Kuosha chumvi ni rahisi kwa hesabu. Maji ya kina cha sentimita 15 yakipita kabisa kwenye udongo wa kina cha sentimita 30 huondoa takribani nusu ya chumvi. Sentimita 30 za maji huondoa kama asilimia 80. Neno kubwa hapo ni "yakipita". Yasipopata njia ya kutoka, yanaongeza maji ya chini, yanaukaribisha usawa juu, na baada ya miezi mitatu utambi unarudisha kila kitu. Ndivyo nilivyowaambia wasikilizaji wangu wafanye.

Njia ya kutoka ni mtaro wa kutolea maji, na lazima uwe na kina kushinda mizizi, mita moja au zaidi, unaoteremka hadi mtaro mkubwa. Tuta la pembeni na kamfereji ka kina cha jembe havitoshi. Mashamba makubwa huzika mabomba yenye matundu. Mkulima mdogo anachimba.

Na hapa ndipo skimu zetu zinakwama, ninasema kwa uchungu. Mfereji wa kuleta maji una wenyewe. Ukiziba, watu wanagombana asubuhi hiyo hiyo. Mtaro wa kutoa maji hauna mwenyewe. Umejaa matete, mwingine amepanda mihogo ndani, mwingine ameuziba ili apate maji ya kunyweshea bustani. Nimehudhuria mikutano ya wamwagiliaji mingi kwa ajili ya kipindi. Ajenda ya zamu za maji huchukua saa mbili, ya mitaro hufika watu wameshaanza kuondoka. Wa kwanza kuumia ni wenye majaruba ya bondeni kabisa, ambao mara nyingi ni wapangaji na akina mama waliopewa kipande kilichobaki. Wanapokea chumvi ya kila mtu wa juu yao.

Skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na ile ya Ndungu wilayani Same, zilijengwa na mifereji ya kuingiza na mitaro ya kutoa, vyote viwili. Waliochora walijua. Hata hivyo sehemu za udongo wenye magadi zipo kwenye skimu zote mbili, na watafiti wamejaribu huko jasi na samadi kuurudisha udongo kwenye hali yake.

Jasi ndiyo dawa ya shamba la sodiamu. Sodiamu hulitawanya tope la mfinyanzi hadi vijitundu vinaziba. Jasi ina kalsiamu, ambayo huingia mahali pa sodiamu, tope linashikana tena katika mabonge madogo, maji yanapita, na sodiamu inatoka nayo. Inatoka kwenda wapi? Kwenye mtaro, tena. Jasi bila mtaro ni fedha iliyozikwa. Kiasi chake huhesabiwa kwa tani na si kwa kilo, kwa hiyo ngoja majibu ya maabara. Bahati yetu ni kwamba jasi inachimbwa hapa hapa, Makanya wilayani Same, na malori yanaipeleka kwenye viwanda vya saruji. Kikundi cha wakulima kikiungana kukodi lori moja, mambo yanakuwa mengine kuliko kila mtu kununua mfuko wake dukani. Samadi na pumba za mpunga zinasaidia udongo kufunguka, na hizo unazo.

Mengine ni ya kufanya wakati unasubiri. Mpunga unaumia zaidi ukiwa mchanga na unapochanua, kwa hiyo pandikiza miche iliyokomaa kidogo, ongeza mche mmoja au miwili kwa shina, na maji ya kwanza baada ya kuvuruga yatoe kabla ya kupanda, maana yamebeba chumvi ya juu. Anayelima vitunguu au nyanya kwa matuta apande ubavuni mwa tuta. Chumvi hukusanyika kileleni. Tandaza majani makavu kupunguza nguvu ya jua. Kwenye udongo wa magadi urea hupotea hewani kwa urahisi, SA inafaa zaidi.

Na chagua zao kwa namba. Udongo ukipimwa EC ikawa 4, kwa hesabu za FAO maharage hupoteza zaidi ya nusu ya mavuno, vitunguu karibu nusu, mahindi zaidi ya robo, mpunga kama sehemu moja ya nane. Kunde na mtama havijaanza hata kuumia. Najua mtama hauna bei ya vitunguu. Lakini nimemwona mtu akirudia vitunguu misimu mitatu kwenye kipande kile kile, kila mara kwa mkopo, akimlaumu muuza mbegu. Kipande hicho leo kimeota magugu ya chumvi tu.

Yule aliyetutumia picha nimempigia. Nilimuuliza mtaro wake uko upande gani. Alinyamaza kidogo, akasema jirani aliulima msimu uliopita na yeye hakutaka ugomvi. Tumekubaliana aanze na kipimo cha bilauri na bomba moja katikati ya kile kipara, halafu apeleke suala la mtaro kwa kamati ya skimu akiwa na namba mkononi. Nanyi mkiweka bomba, tutumieni kila mwezi kijiji, tarehe na kina cha maji kwa ujumbe wa simu. Nitazisoma hewani, na tukifika masika ijayo tutazilinganisha.